Jasho la Mwanafunzi na Mgawo Wake

Wasikilizaji wa hapa Mhunze, wilayani Kishapu, na nyinyi wa Maganzo, Mwadui, Kahama hadi Geita mnaotusikiliza mkiwa kazini au mkisubiri ugali uive. Jioni hii nina jambo la michezo, ila si matokeo ya jana wala usajili wa Simba na Yanga. Ni habari ya fedha na ya watoto wetu.

Tarehe 6 Juni 2025, jaji mmoja wa Marekani, Claudia Wilken, aliidhinisha makubaliano yaliyomaliza kesi kubwa kati ya wanamichezo wa vyuo vikuu na NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya nchi ile. Kuanzia Julai mwaka huo chuo kimeruhusiwa kumlipa moja kwa moja mwanafunzi anayekichezea. Kwa mwaka wa kwanza, wa 2025/26, chuo kiliruhusiwa kugawa hadi dola milioni 20.5 hivi kwa wanamichezo wake. Zikawekwa pia dola bilioni 2.8 za kuwafidia waliocheza tangu mwaka 2016. NCAA ilianza mwaka 1906, na kwa miongo mingi msimamo wake ulikuwa mmoja: mwanafunzi anacheza kwa ridhaa, malipo yake ni elimu, akipokea hata senti nje ya hapo anafungiwa.

Utaniuliza, Mhunze na Marekani wapi na wapi? Nitakujibu kwa majina mawili.

La kwanza ni Suleiman Nyambui. Vijana wa leo wengi hawamjui, lakini medali za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata ni mbili tu, zote za fedha, zote za Moscow mwaka 1980, na moja ni yake ya mita 5,000. Nyingine ni ya Filbert Bayi, mbio za kuruka viunzi na maji. Nyambui wakati ule alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso, mji ulio mpakani na Meksiko. Mwaka huohuo wa 1980 alichukua ubingwa wa vyuo vyote vya Marekani katika mbio za nyika, na chuo chake kikatwaa ubingwa wa timu. El Paso ilikuwa imejaa wakimbiaji wa Afrika. Gidamis Shahanga, aliyeshinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 kule Edmonton, naye alipita hapohapo. Mwaka 1981 timu ile ilishinda kwa pointi 17. Kwenye mbio za nyika pointi zikiwa chache ndivyo ushindi unavyokuwa mkubwa, na 15 ndiyo alama ya chini kabisa inayowezekana.

Chuo cha pembezoni kikapata jina kwa miguu ya vijana wa Kiafrika. Walichopewa ni ada, bweni, chakula na vitabu. Sidharau. Elimu ni mali, na Nyambui aliporudi nyumbani aliutumikia mchezo wake kwa miaka mingi, hadi kuwa katibu mkuu wa chama cha riadha. Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 1987 na 1988 mtu huyuhuyu alishinda marathoni ya Berlin mara mbili mfululizo, na hakuna aliyemwambia ameuchafua mchezo kwa kukimbilia zawadi. Kilichobadilika ni karatasi tu. Mwaka 1982 shirikisho la riadha la dunia lilikubali mkimbiaji apokee fedha, kwa sharti kwamba ziwekwe kwenye mfuko wa amana chini ya chama cha nchi yake. Miguu ilikuwa ileile na mapafu yaleyale.

Jina la pili mnalijua zaidi: Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.2, aliyecheza mpira wa kikapu Chuo Kikuu cha Connecticut kuanzia mwaka 2006 hadi 2009. Mwaka 2009 timu yake ilifika nusu fainali ya taifa. Februari ya mwaka huo, baada ya mechi, kocha wake Jim Calhoun aliulizwa mbele ya waandishi kuhusu mshahara wake wa dola milioni 1.6, kwa kuwa chuo ni cha serikali ya jimbo na jimbo lilikuwa taabani kifedha. Calhoun alikasirika, akasema hatarudisha hata senti kumi, akaeleza kwamba timu yake inaingizia chuo dola milioni 12. Tuyachukue maneno yake kama yalivyo. Hizo milioni 12 zilipatikanaje? Watu walikata tiketi na kuwasha televisheni kumtazama nani? Walimtazama yule Mtanzania mrefu akizuia mipira pale chini ya goli, pamoja na wenzake. Kocha alikuwa na milioni zake kihalali, na kijana angepokea viatu kutoka kwa shabiki angefungiwa. Miezi minne baadaye Thabeet alichaguliwa wa pili katika usajili wa NBA, akaanza kulipwa. Wenzake wengi wa timu za vyuo hawakufika huko. Kwao kipindi kile cha chuo ndicho kilikuwa kilele cha nguvu zao, kikapita bila mapato.

Na yale mabilioni 2.8 ya fidia? Yanaanzia mwaka 2016. Thabeet hayumo, Nyambui hayumo.

Tuangalie sheria hii ya ridhaa ilitoka wapi. Mwaka 1866 klabu moja ya riadha ya London iliandika nani anastahili kuitwa mwanamichezo wa ridhaa. Pamoja na wale waliopokea fedha, ilimtoa nje mtu yeyote ambaye ni fundi au kibarua. Narudia: kibarua, hata kama hajawahi kulipwa kwa kukimbia. Aliyeshika jembe au nyundo wiki nzima hakutakiwa kusimama mstari mmoja na mwana wa bwana mwenye shamba, kwa sababu huenda angemshinda. Kifungu hicho kilikuja kuondolewa, lakini asili yake ni hiyo. Mchezo usio na malipo unamfaa mtu mwenye chakula nyumbani.

Kanuni hiyo imewaumiza wengi. Jim Thorpe, Mmarekani wa asili, alishinda dhahabu mbili za Olimpiki mwaka 1912, akanyang'anywa mwaka uliofuata kwa sababu aliwahi kulipwa vijisenti kucheza besiboli wakati wa likizo. Ilipofika 2022, miaka karibu sabini baada ya kifo chake, ndipo alipotambuliwa tena kuwa mshindi pekee. Kipchoge Keino wa Kenya, bingwa wa Mexico 1968 na Munich 1972, alipojiunga na mbio za kulipwa mwaka 1973 alijifungia mlango wa Olimpiki. Wakati huohuo mwanajeshi aliweza kulipwa mshahara wa jeshi, akafanya mazoezi asubuhi na jioni, na bado akahesabiwa wa ridhaa. Nchi nyingi zilifanya hivyo, na sisi tulifanya. Sioni aibu. Jeshi letu limetulelea wakimbiaji kuanzia enzi za Juma Ikangaa, mshindi wa New York mwaka 1989, hadi Alphonce Simbu aliyetuletea dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo Septemba 2025. Ninachosema ni kwamba mwanamichezo mkubwa alikuwa analipwa siku zote kwa njia fulani. Sheria ilichagua njia ipi iitwe safi, na aliyeumizwa mara nyingi ni yule asiye na mtu wa kumpa njia.

Kuna kesi moja ambayo mimi naiona nzito kuliko zote hizi, na haihusu mamilioni. Mwaka 1955, katika chuo kidogo cha Fort Lewis, jimbo la Colorado, kijana aitwaye Ray Dennison aligongwa kichwa kwenye mechi ya mpira wao wa Kimarekani, akafa. Aliacha mke na watoto watatu. Mjane akadai fidia kama mjane wa mfanyakazi yeyote aliyefia kazini, kwa sababu mumewe alisoma pale kwa ajili ya mpira. Mahakama kuu ya jimbo ikaamua mwaka 1957 kwamba chuo hakifanyi biashara ya mpira, kwa hiyo marehemu hakuwa mfanyakazi, na mjane hana haki. Katika miaka ileile NCAA ilikuwa inawasukuma watu wote wawaite vijana hao wanafunzi wanamichezo, wasiwaite wachezaji wa chuo, kusudi fidia za namna hiyo zisiwaguse. Aliyesimamia jambo hilo, Walter Byers, ndiye aliyelieleza mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1995, akiwa amestaafu na ameukataa mfumo alioujenga kwa mikono yake.

Sasa turudi Kishapu. Nilifundisha michezo shuleni miaka mingi kabla ya kushika maikrofoni hii, na ninayoyasema nimeyaona. Kila mwaka watoto wa shule za msingi wanaingia UMITASHUMTA na wa sekondari UMISSETA: shule, kata, wilaya, mkoa, mwisho taifa, iwe Mtwara, Tabora au Iringa. Mnaijua hali ya kambi. Ndoo moja ya maji imetiwa glukosi, kikombe kimoja kinazunguka, golikipa anakunywa wa mwisho kwa sababu alikuwa mbali. Jezi zinavuliwa palepale na kuhesabiwa, ikikosekana moja basi haliondoki. Mtoto aliyecheza mechi nne ndani ya siku tatu anarudi nyumbani na cheti kama timu ilishinda, na kama haikushinda anarudi na vumbi lake.

Nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu, winga wa kushoto, mtoto wa mkulima wa pamba. Sitaitaja shule wala mashindano. Aliruka kugombea mpira wa kichwa, akatua vibaya, goti likageuka. Tulimfunga kitambaa, tukamwagia maji baridi kwa sababu barafu haikuwepo, tukamkalisha nje ya mstari, mechi ikaendelea. Jioni goti lilikuwa limevimba hata suruali haipandi. Nani alipe? Mratibu alisema fungu ni la chakula na usafiri. Shule ikasema aliumia akiwa chini ya wilaya. Baba yake akauza mbuzi, akampeleka kwa fundi wa mifupa wa kijijini, maana picha na rufaa ya hospitali ya Bugando ilikuwa juu ya uwezo wake. Kijana alitembea tena, lakini hakukimbia tena. Hakuna mtu mbaya katika habari hii. Kila mmoja alisema kweli, fungu lilikuwa la chakula na usafiri.

Tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotungiwa sheria mwaka 2008. Kibarua wa ginari akikatwa kidole, mfuko unamhusu. Mwanafunzi aliyevunjika akivaa jezi ya wilaya si mfanyakazi wa mtu. Amesimama palepale aliposimama mjane wa Dennison.

Mkiniambia michezo ya shule haina fedha, nawaomba mwende uwanjani siku ya fainali ya kombe la diwani au la mbunge, zawadi ikiwa ng'ombe dume amefungwa kwenye mti. Nusu ya wachezaji ni wanafunzi. Timu zinawafuata shuleni Ijumaa, wanachezeshwa kwa jina la mtu mwingine, wanapewa elfu mbili na soda. Kisha tunapiga kelele dhidi ya mamluki kwenye UMISSETA, wakati waliowafundisha watoto kucheza kwa jina la uongo ni sisi watu wazima.

Huku kwetu tuna utaratibu mzuri kuliko ule wa NCAA, na upo machimboni. Mnaochimba mnajua: kabla mtu hajashuka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, mgawo umeshajulikana. Mwenye leseni viroba vyake, mwenye duara vyake, wachimbaji vyao, hadi yule wa kuvuta kamba. Ugomvi upo, dhuluma ipo, nalijua hilo. Lakini sijasikia mchimbaji akiambiwa asipewe kiroba kwa sababu bado anajifunza kazi.

Mpira wa ukanda huu umeshaonja fedha ya madini. Mwadui, walio ndani ya wilaya yetu, walipanda Ligi Kuu mwaka 2015 wakashuka 2021. Stand United, Chama la Wana, walipanda 2014, wakapata udhamini wa kampuni ya dhahabu ya Acacia, na udhamini uleule ukawagawa kambi mbili, upande wa kampuni na upande wa wanachama. Wakashuka 2019. Geita Gold walipanda 2021, na msimu wao wa kwanza tu George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17, kisha akavuka kwenda Lubumbashi. Nao wakashuka 2024. Mwanza, shule ya Alliance ilifanya jambo ambalo sioni likisifiwa vya kutosha: timu iliyozaliwa shuleni ikafika Ligi Kuu mwaka 2018. Walidumu misimu miwili, lakini walionyesha kwamba darasa na kiwanja vinaweza kuwa nyumba moja.

Sheria za FIFA ziko wazi. Mchezaji wa kulipwa ni mwenye mkataba wa maandishi anayelipwa zaidi ya gharama zake za kucheza. Wengine wote ni wa ridhaa. Aliye chini ya miaka 18 hafungwi mkataba wa zaidi ya miaka mitatu. Na kuna lile ambalo walimu wengi hawajawahi kuambiwa: mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei inagawiwa klabu zilizomlea tangu mwaka aliotimiza miaka 12 hadi 23. Klabu iliyokaa naye miaka miwili, akiwa na 16 na 17, ina haki ya asilimia 1 ya bei. Akiuzwa dola 500,000, hiyo ni dola 5,000. Kwa shule ya kata, fedha hiyo ni darasa, au ni matibabu ya magoti ya miaka kumi. Ila inakwenda kwa klabu iliyosajiliwa tu. Shule iliyomlea mtoto miaka minne bila kuwa na klabu iliyosajiliwa haipati kitu. Kwa hiyo mimi nasema Kishapu iwe na klabu ya vijana iliyosajiliwa, inayoshirikiana na shule, na kila mtoto awe na kumbukumbu zake zenye tarehe. Kazi hiyo inahitaji daftari, nidhamu na ofisi ya wilaya yenye nia.

Najua pingamizi. Walimu wenzangu watasema fedha ikiingia shuleni mtoto ataacha kitabu. Nawaheshimu, maana wanaiona fedha ya duara inavyowachukua watoto kila siku. Na huko Marekani kwenyewe fedha hii mpya haikuja sawasawa. Sehemu kubwa inakwenda kwa wavulana wa mpira wa Kimarekani na wa kikapu. Msichana kama Doris Lemngole wa Kenya, aliyeshinda ubingwa wa nyika wa vyuo mwaka 2024 akiwa Alabama, na mwaka uliofuata akawa mwanafunzi wa kwanza wa kike wa vyuo vile kushuka chini ya dakika tisa kwenye mbio za viunzi na maji, yuko kwenye mchezo unaoangukiwa na makombo. Tena mwanafunzi wa kigeni ana viza ya masomo inayombana katika kufanya kazi ya malipo, kwa hiyo kusaini tangazo la biashara huko, jambo ambalo mwenzake Mmarekani analifanya kwa mkono mmoja, kwake ni la hatari.

Kwa hiyo sidai mtoto wa kidato cha pili alipwe mshahara. Sitaki. Nadai avae jezi ya shule au wilaya akiwa na bima ya ajali iliyolipwa kabla kambi haijafunguliwa, na fungu hilo likatwe kwanza, kabla ya mabango na kabla ya posho za sisi viongozi. Zawadi ikija, iwe ya ng'ombe au ya fedha, sehemu ya mtoto iwekwe benki kwa jina lake na la mzazi hadi amalize shule. Shirikisho la riadha liliwafanyia hivyo watu wazima mwaka 1982. Kwa mtu mzima niliona ni kumfanya mtoto, kwa mtoto ndipo panapostahili. Na aliyefika chuo, mwenye miaka 20 na akili yake, aachwe apokee malipo ya kipaji chake waziwazi bila kuitwa msaliti wa chuo.

Mzazi, ukiletewa fomu ya ruhusa ya kambi, uliza nani anagharamia matibabu, na jibu liandikwe kwenye fomu. Akija mtu wa timu na karatasi, usiweke dole gumba siku hiyo. Mpelekee mwalimu asome, naye mtendaji aone, nakala ibaki nyumbani kwako. Kama ni timu ya kweli itasubiri siku mbili.

Laini zetu sasa ziko wazi. Ningependa kuanza na walimu wa michezo wa Kishapu. Fungueni lile sanduku la huduma ya kwanza la shule yenu, mtuambie hewani lina nini ndani leo, na mara ya mwisho nani alilinunulia bandeji.